Kupima usugu wa vimelea vya kifua kikuu kwa dawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma na mikoa ya kati

Maswali haya ni yale ambayo wagonjwa, ndugu zao na wahudumu wa zahanati za Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chamwino, Kondoa na Manyoni hutuuliza mara nyingi sisi wa maabara wanapoleta makohozi au wanapofuata majibu. Baadhi tumeyajibu kwa kirefu, kwa kuwa mgonjwa anayeelewa kwa nini majibu yake yamechelewa, au kwa nini jibu la pili halifanani na la kwanza, huona wepesi wa kubaki kwenye matibabu.

Kipimo cha usugu kina tofauti gani na kipimo cha kawaida cha kifua kikuu?

Kipimo cha kawaida hujibu swali moja tu: je, katika makohozi haya mna vimelea vya kifua kikuu au hamna? Kipimo cha usugu huuliza swali linalofuata, ambalo kwa mgonjwa ni zito vilevile: vimelea hivyo vinazuiwa na dawa ipi, na ipi haivizuii tena? Hadubini haiwezi kujibu swali hilo la pili hata kidogo. Kimelea sugu na kisicho sugu, vikishatiwa rangi, huonekana chini ya lenzi vikiwa vijiti vyekundu visivyo na tofauti yoyote, na hata mtaalamu aliyekaa na hadubini miaka mingi hawezi kuvitenganisha kwa macho. Isitoshe, hadubini huhitaji takribani vimelea 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ya makohozi ndipo ione kitu, kwa hiyo jibu lake la kutokuona halimaanishi kwamba ugonjwa haupo.

Jambo la kushika ni kwamba jibu la usugu huhusu dawa iliyotajwa na si nyingine. Karatasi ikisema vimelea havina usugu kwa rifampisini, haijasema lolote kuhusu dawa nyingine tatu za kifua kikuu, yaani isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Maswali mengi yanayofuata hapa chini yanatokana na kusahau jambo hilo.

Je, ni mgonjwa anayekuwa sugu, au ni ugonjwa?

Kinachokuwa sugu ni kimelea. Vimelea vinapogawanyika, mabadiliko madogo hutokea katika vinasaba vyao bila dawa kuwapo, na machache kati ya hayo huwapa uwezo wa kustahimili dawa fulani. Kwa isoniazidi mabadiliko ya namna hiyo hutokea kwa takribani kimelea 1 katika kila milioni 1, na kwa rifampisini ni adimu zaidi, takribani 1 katika kila milioni 100. Tundu lililochimbwa na ugonjwa kwenye pafu linaweza kubeba vimelea milioni 100 au zaidi, hivyo mgonjwa akipewa isoniazidi peke yake, vile vichache vilivyobadilika hubaki hai, huzaana, na baada ya muda ndivyo vinavyolijaza pafu. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza matibabu kwa dawa 4 kwa pamoja: kimelea kinachoiponyoka dawa moja huuawa na nyingine. Somo hilo lilipatikana mapema. Streptomisini ilipojaribiwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 bila dawa ya kuisaidia, wagonjwa wengi walipata nafuu ya haraka, kisha vimelea vyao vikawa sugu ndani ya miezi michache.

Njia ya pili ya kupata kifua kikuu sugu ni kuambukizwa kimelea ambacho tayari ni sugu, kutoka kwa mtu mnayelala naye chumba kimoja, mnayefanya naye kazi kwenye shimo la machimbo au mnayesafiri naye ndani ya basi lililofungwa madirisha. Mtu wa namna hiyo hajawahi kuruka kidonge hata kimoja. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu bado tunawasikia wagonjwa wakikaripiwa kwamba wamejiletea usugu wenyewe kwa uzembe, na wengine kwa aibu hiyo huacha kurudi kliniki.

GeneXpert inajuaje kwamba kuna usugu ndani ya saa mbili, bila kuotesha kitu?

Kuotesha ni kuvikuza vimelea maabara. Mashine ya GeneXpert haitazami kama kimelea kinakua au kinakufa. Inasoma vinasaba. Makohozi huchanganywa na dawa ya kuyayeyusha, huingizwa kwenye katriji (kijichombo cha kipimo kinachowekwa ndani ya mashine), na mashine hutafuta kipande kifupi cha jini (sehemu ya vinasaba yenye maelekezo) iitwayo rpoB, chenye herufi 81 za kinasaba, kisha hukizidisha mara nyingi na kukilinganisha na kile cha kimelea kisicho sugu. Rifampisini hufanya kazi kwa kushikamana na kiungo cha kimelea (protini) kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jini hiyo, na zaidi ya asilimia 95 ya vimelea sugu kwa rifampisini vina mabadiliko ndani ya herufi hizo 81. Bahati hiyo ndiyo iliyowezesha kipimo cha haraka. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo hicho Desemba 2010, na toleo lake jipya la Ultra, linalotambua vimelea vichache zaidi, likafuata mwaka 2017.

Upungufu wake unapaswa kujulikana pia. Katriji ya kawaida haisomi usugu kwa isoniazidi. Mgonjwa ambaye vimelea vyake ni sugu kwa isoniazidi pekee atapewa jibu linaloonyesha kwamba hana tatizo, ilhali moja ya dawa mbili anazozitegemea hadi mwezi wa mwisho haimfanyii kazi ipasavyo. Ili kuugundua usugu huo inatakiwa katriji ya aina nyingine, ambayo husoma pia usugu kwa dawa za kundi la floksasini, au kipimo cha vipande vya karatasi vinavyoonyesha mistari ya vinasaba, au kuotesha. Vilevile yapo mabadiliko ya jini ya rpoB yaliyo nje ya zile herufi 81, ambayo GeneXpert haiyaoni kabisa. Nchini Eswatini mabadiliko ya namna hiyo yalisambaa kwa wagonjwa wengi kabla hayajagunduliwa.

Kwa kuwa vinasaba vya vimelea vilivyokwisha kufa husomeka bado, GeneXpert haitumiki kufuatilia kama mgonjwa anapona. Kazi hiyo hufanywa kwa hadubini, na kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu hufanywa pia kwa kuotesha.

Kwa nini basi nimeambiwa nisubiri wiki sita au zaidi kwa majibu ya kuotesha?

Kimelea cha kifua kikuu hujigawa mara moja katika takribani saa 18 hadi 24, wakati bakteria wa kawaida wa utumbo wakipata mazingira mazuri hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo inayotawala kila kitu katika maabara yetu.

Makohozi yakifika, kwanza huuawa bakteria wengine wa kinywani kwa magadi makali ya sodiamu yaliyochanganywa na kemikali ya kulainisha ute. Muda wa hatua hii ni dakika 15 hadi 20 na haupaswi kuzidi, kwa kuwa magadi hayo huua hata vimelea tunavyovitafuta, ila vyenyewe huchelewa kufa kutokana na ganda lao la mafuta. Baada ya hapo sampuli huzungushwa kwa kasi ili vimelea vitue chini, na masalia hupandwa katika chakula cha namna mbili.

Chakula cha zamani, ambacho bado kinatumika, hupikwa kwa mayai ya kuku. Mayai yanayotakiwa ni mabichi, yasiyozidi wiki moja, ya kuku ambao hawakulishwa dawa za kuua bakteria, kwa maana mabaki ya dawa kwenye ute yangezuia vimelea visiote na yangetudanganya kuhusu usugu. (Wafugaji wanaochanganya dawa za bakteria kwenye chakula cha kuku bila ushauri wa daktari wa mifugo wajue kwamba madhara yake hufika hata huku.) Mayai hayo huchanganywa na chumvi maalumu, gliserini na rangi ya kijani inayowazuia bakteria wengine, kisha hugandishwa kwa joto huku chupa zikiwa zimelazwa mshazari. Baada ya wiki tatu hadi nane, mahali palipokuwa na kijani kitupu hutokea vivimbe vikavu vya rangi ya malai, vyenye mikunjo, vinavyofanana na makombo ya mkate. Aliyeviona mara moja havisahau.

Chakula kipya zaidi ni cha majimaji, ndani ya mrija ambao kitako chake kina kemikali inayong'aa pale oksijeni inapopungua. Vimelea vinapokua huivuta oksijeni, mrija huanza kung'aa, na mashine inayotunza joto la nyuzi 37 huusoma mwanga huo kila saa, usiku na mchana. Hapa vimelea vinaweza kuonekana ndani ya wiki moja au mbili, ingawa mrija hautangazwi kuwa hauna kitu mpaka zitimie siku 42.

Yote hayo ni kuotesha tu. Kipimo cha usugu huanza baada ya hapo. Katika njia ya majimaji, vimelea vilivyoota huwekwa kwenye mirija kadhaa, kila mmoja ukiwa na dawa moja kwa kipimo maalumu, kwa mfano isoniazidi mikrogramu 0.1 kwa kila mililita. Kando yake huwekwa mrija usio na dawa, ambao umepandwa vimelea vilivyopunguzwa mara 100. Mrija huo usio na dawa ukifikia kiwango cha ukuaji kilichowekwa, tunatazama ule wenye dawa: kama nao umekua, ina maana kwamba angalau asilimia 1 ya vimelea vya mgonjwa vimeishinda dawa, na jibu linaandikwa kuwa sugu. Asilimia 1 ni mpaka uliowekwa na wataalamu miaka ya 1960, baada ya kuona kwamba vimelea sugu vikifika kiasi hicho, dawa hiyo haiaminiki tena kumponya mgonjwa. Hatua hii huchukua siku 4 hadi 13 katika majimaji. Katika chakula cha mayai husomwa siku ya 28, na isipoonyesha usugu husomwa tena siku ya 42.

Kuna jambo moja linaloweza kuurudisha mzunguko wote mwanzo, nalo ni uchafuzi. Bakteria mwingine akiponyoka magadi na kuota ndani ya mrija, atang'arisha mrija ndani ya siku mbili na hatutaweza kusoma kitu. Hapo tunaomba makohozi mapya, na tunajua maana yake kwa mtu aliyetoka Itigi kwa nauli ya kukopa.

GeneXpert ilisema rifampisini inafaa, lakini kuotesha kumesema sugu. Tuamini jibu lipi?

Majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi kwa swali ambalo kila kipimo kiliuliza. Ikiwa vimelea vya mgonjwa ni mchanganyiko, na vilivyo sugu ni wachache, GeneXpert husoma sauti ya walio wengi na kuwakosa wachache, ilhali kuotesha hugundua hata sehemu ya mia moja. Au mabadiliko yapo nje ya kile kipande cha herufi 81. Kinyume chake hutokea pia: GeneXpert huona badiliko la herufi lisilobadilisha kiungo chenyewe, ikatangaza usugu ambao haupo. Tena yako mabadiliko yanayoleta usugu wa wastani, na vimelea vya namna hiyo huota polepole kiasi cha kupita kwenye kipimo cha majimaji bila kugunduliwa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kipimo cha rifampisini katika mirija ya majimaji kutoka mikrogramu 1 hadi 0.5.

Kabla ya kufikiria hayo yote, maabara makini huanza kwa kuuliza kama sampuli zilibadilishana, na huomba makohozi mengine. Kwa maoni yetu daktari hapaswi kulitupa jibu la usugu kwa sababu tu jibu lingine limelipinga. Gharama ya kulipuuza jibu la kweli ni kubwa kuliko usumbufu wa kupima tena.

Jibu langu limesomeka "vimelea vimeonekana kwa kiasi kidogo mno, usugu haukubainika". Je, ni kosa la mashine?

Hapana. Toleo la Ultra hutambua vimelea kwa kutafuta vipande vya vinasaba vinavyojirudia mara nyingi ndani ya kimelea kimoja, hivyo huvinasa hata vikiwa vichache sana, lakini rpoB ipo moja tu katika kila kimelea na haipatikani ya kutosha kusomwa. Hali hii huonekana sana kwa watoto, kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na kwa waliowahi kutibiwa miaka ya karibuni. Toa makohozi mengine kama utakavyoelekezwa, na umweleze mhudumu kama uliwahi kutumia dawa za kifua kikuu, kwa sababu maana ya jibu hilo hutofautiana.

Sisi ni wafugaji na tunakunywa maziwa mabichi. Je, kifua kikuu cha ng'ombe kinapimwa usugu kwa njia hiyohiyo?

Ndiyo, lakini kuna jambo la kuzingatia. Kimelea cha kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho humfikia binadamu kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kukaa na mnyama mgonjwa, kina usugu wa asili kwa pirazinamidi. Hakikuupata kwa dawa kutumiwa vibaya. Kilizaliwa nao, kwa sababu ya badiliko moja katika jini ya pncA ambayo ndiyo huiamsha dawa hiyo ndani ya kimelea. GeneXpert ya kawaida haitofautishi kimelea cha ng'ombe na cha binadamu. Kwa hiyo mgonjwa mwenye matezi shingoni au maumivu ya tumbo ya muda mrefu, anayetoka kwenye boma la mifugo huko Bahi, Chemba au Manyoni, aieleze historia hiyo kliniki bila kusubiri kuulizwa.

Pirazinamidi yenyewe ndiyo dawa inayotusumbua kuliko zote maabara. Hufanya kazi katika mazingira yenye asidi tu, na mazingira hayo hayo huwazuia vimelea wasikue vizuri. Mpimaji akizidisha vimelea kidogo, vinaipunguza asidi, dawa inapoteza nguvu, na jibu linatoka kuwa sugu kwa uongo. Jibu la usugu kwa pirazinamidi pekee linapaswa kurudiwa, au jini ya pncA isomwe, kabla halijabadilisha matibabu.

Nifanyeje ili makohozi yangu yatoe jibu la uhakika?

Sukutua kinywa kwa maji safi, simama nje mahali penye hewa na mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha kohoa kutoka ndani ya kifua. Tunachohitaji ni ute mzito, mililita 3 hadi 5. Mate hayatoshi. Makohozi ya asubuhi kabla ya kula ndiyo bora. Kopo lifungwe kwa nguvu na jina liandikwe ubavuni, kwa kuwa mfuniko hubadilishana na mwingine.

Ombi letu kwa wahudumu wa zahanati linahusu joto. Mwezi Oktoba na Novemba, kopo lililoachwa dirishani au juu ya dashibodi ya gari kutoka Mpwapwa hufika likiwa limejaa bakteria wa kinywani waliozaana njiani, na vimelea vya kifua kikuu vikiwa vimedhoofika. Sampuli ya kuotesha ikae kwenye joto la nyuzi 2 hadi 8, ndani ya kisanduku chenye vibarafu, na isafirishwe mapema iwezekanavyo. Wakati wa masika ya Januari hadi Machi, korongo likijaa na gari likashindwa kupita, ni heri sampuli ibaki kwenye jokofu la kituo kuliko kukaa barabarani.

Mtoto wangu hawezi kutoa makohozi. Hatapimwa?

Atapimwa. Watoto wadogo humeza makohozi yao, na vinasaba vya vimelea huweza kupatikana kwenye choo kikubwa kwa kutumia GeneXpert Ultra, au kwenye majimaji ya tumboni yanayovutwa asubuhi kwa mrija. Jibu likikosekana, daktari huweza kuanza matibabu kwa dalili na kwa kufuata usugu wa mtu mzima aliyemwambukiza, jambo ambalo hufanya majibu ya baba au mama kuwa muhimu kwa mtoto pia.

Je, panya wa Morogoro wanaweza kunusa usugu?

Hapana. Panya waliofunzwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hunusa makohozi na kuonyesha yanayoshukiwa kuwa na kifua kikuu, kisha maabara huthibitisha. Hawatambui usugu wa dawa.

Nimeambiwa nina kifua kikuu sugu. Nini kinafuata, na ninalipa kiasi gani?

Vipimo na dawa za kifua kikuu, cha kawaida na sugu, hutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini. Atakayekudai fedha ya kipimo hicho, mweleze mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya.

Kinachofuata ni kupima dawa nyingine, hasa kundi la floksasini, bedakwilini na linezolidi, kwa kuwa ndizo nguzo za matibabu ya sasa. Tanzania ilianza kutibu kifua kikuu sugu katika hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 2009, wakati matibabu yalipokuwa ya mwaka mmoja na nusu au zaidi, pamoja na sindano za kila siku ambazo ziliwaharibu wengine masikio. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matibabu ya vidonge ya miezi 6 kwa wagonjwa wengi, yenye bedakwilini, pritomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Bedakwilini huleta changamoto mpya maabara: mabadiliko yanayoleta usugu kwake yametawanyika katika jini nzima, hayajakusanyika mahali pamoja kama yale ya rifampisini, hivyo hakuna katriji rahisi ya kuyasoma. Ni lazima kuotesha, au kusoma mfuatano wa vinasaba kwa mashine kubwa. Matibabu huanza bila kusubiri majibu hayo yote, kisha hurekebishwa yakifika. Ukibadilishiwa dawa mwezi wa pili, usidhani kwamba mwanzo walikosea.

Kabla ya kupima nilinunua dawa za bakteria duka la dawa, nikapata nafuu kidogo. Je, zimeharibu majibu?

Inategemea ni dawa gani. Amoksilini kwa kawaida haiviathiri sana vimelea vya kifua kikuu. Siprofloksasini na levofloksasini ni jambo jingine: ni za kundi lilelile la floksasini linalotumika kutibu kifua kikuu sugu. Ukizinywa siku chache kwa kikohozi ambacho kumbe ni kifua kikuu, vimelea hupungua bila kwisha, homa hushuka, kuotesha kunaweza kushindwa, na vile vichache vilivyostahimili hubaki vikizaana. Usifiche jambo hilo kwa kuogopa kukaripiwa. Beba pakiti au mabaki ya vidonge uje navyo kliniki, umwambie mhudumu ulivinywa lini na kwa siku ngapi, ili ayaandike kwenye fomu ya maombi ya kipimo, nasi tujue kwamba sampuli yako inahitaji kupimwa dawa za kundi hilo tangu mwanzo.